Kabla ya Wilson, Ndege Zilitua Barabara ya Ngong

Mkazi wa Laini Saba hana haja ya kununua saa ya kengele. Jua likiwa bado halijapanda vyema, ndege ya kwanza hunguruma kutoka uwanja wa Wilson, na mabati ya Kibera huitikia kwa kutetemeka. Baadaye hufuata zile za watalii waendao Maasai Mara, za shehena, na za wanafunzi wa urubani ambao huzunguka na kuzunguka kama mwewe aliyeona kifaranga. Helikopta ikipita chini, mazungumzo hukatika. Watu husubiri kwanza, ndipo huendelea pale walipoachia. Kule Kawangware mlio huo huwa hafifu kidogo, lakini nako watoto hutoka mbio vichochoroni kuipungia mikono.

Wengi wa watoto hao, na wazazi wao pia, hudhani kwamba mambo ya ndege mjini Nairobi yalianzia Wilson. La, hasha! Panda matatu nambari 111 ya kwenda Ngong, ushuke Dagoretti Corner. Mkono mmoja utakuwa na njia ya kwenda Kawangware, na ule mwingine, ukirudi nyuma kidogo, utafika Kibera. Ni katika upande huu wa Barabara ya Ngong ambako ndege za mwanzo za mji huu zilikuwa zikitua, kwenye uwanja wa nyasi tupu. Mahali hapo hapajaachana na anga hata leo, kwani ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, ambayo imezoea kurusha maputo ya kupima upepo na joto la juu.

Hebu fikiria rubani wa wakati huo alikuwa akiona nini chini yake. Kibera ilikuwa msitu kweli kweli. Wanubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles ndio waliokuwa wamepewa makao huko, na jina Kibra, katika lugha yao, maana yake ni msitu. Kawangware nayo ilikuwa mashamba ya Wakikuyu. Injini ikigoma, rubani alikuwa na mahali pa kuchagua.

Lakini nafasi tele haikumaanisha usalama. Mnamo Machi 12, 1928, mwanamke kijana aliyeitwa Maia Carberry alikuwa akimfunza urubani Dudley Cowie kwenye uwanja huo wa Barabara ya Ngong. Ndege ilianguka na wote wawili wakafa. Maia alimwacha binti, Juanita, ambaye hakuwa ametimiza miaka 3.

Mwaka uliofuata, 1929, Bi Florence Kerr Wilson, mjane aliyekuwa na moyo kuliko wanaume wengi wa enzi zake, alianzisha kampuni ya Wilson Airways akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Walianza na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth, yenye viti viwili visivyo na paa. Kampuni hiyo ilikufa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, lakini jina lilibaki. Mwaka 1962 uwanja uliojulikana kama Nairobi West ulipewa jina la mama huyo.

Campbell Black ndiye aliyemfunza Beryl Markham, binti aliyekulia Njoro. Beryl alipata kazi ambayo leo ingemtia mtu taabani mbele ya askari wa wanyama. Kazi yenyewe ilikuwa kuruka juu ya vichaka vya Ukambani akiwatafutia wawindaji ndovu wenye pembe kubwa. Mwezi Septemba 1936 alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza hadi Nova Scotia nchini Kanada, akiruka kuelekea magharibi, yaani dhidi ya upepo. Mafuta yalipokosa kufika kwenye injini, alitua kwenye kinamasi, akatoka hai.

Ukiketi na marubani wastaafu pale Wilson, utaona kwamba hawazungumzii sana rekodi kama hiyo. Huzungumzia wenzao. Na hapo ndipo visa vinapoingia. Mnamo Mei 1931 Denys Finch Hatton alimwalika Beryl waende pamoja Voi. Kwa maelezo ya Beryl mwenyewe, Campbell Black alimwomba asiende, bila kutoa sababu ya maana. Hakwenda. Tarehe 14 mwezi huo ndege ya Finch Hatton iliruka kutoka Voi, ikaanguka papo hapo na kuwaka moto. Alizikwa kwenye Vilima vya Ngong, ambavyo siku ya anga safi utaviona vizuri ukisimama mahali palipoinuka Kibera. Ndani ya ndege hiyo alikuwamo pia mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Vitabu na filamu zimemlilia bwana. Kamau amebaki na jina moja tu, na nadhani hiyo ni aibu.

Na Campbell Black? Huyu mwaka 1931 alimkuta rubani Mjerumani Ernst Udet amekwama kwenye mabwawa ya Sudan, akamwokoa. Mwaka 1934, yeye na C.W.A. Scott walishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia. Kifo chake hakikutokea angani. Mnamo Septemba 1936 alikuwa chini, uwanjani Liverpool, ndege yake ikitambaa kwa magurudumu, ndege ya kijeshi ilipomgonga.

Helikopta zilikuja baadaye, na waliozirusha wana masimulizi yao. Mafuta yalitangulizwa porini kwa mapipa, na rubani aliyachuja mwenyewe kwa ngozi laini ili maji na kutu visiingie kwenye injini. Upepo ulisomwa kwa moshi wa moto uliowashwa na wenyeji. Kutua kwenye mchanga wa kaskazini ulikuwa mtihani, maana mapanga ya helikopta hutimua vumbi hadi rubani asione hata miguu ya chombo chake. Halafu kuna hewa yenyewe. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, tena jua likiwa kali huzidi kuwa nyepesi, na mapanga hukosa kitu cha kushika.

Ndiyo maana wazee hawa wakitaja Mlima Kenya hushusha sauti. Septemba 1970 madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian, chenye mita 5,199, Judmaier alipoanguka na kuvunjika mguu vibaya. Rubani Jim Hastings alipeleka helikopta kusaidia. Ilianguka mlimani, naye akafa. Judmaier alikaa kule juu kwa siku nyingi, hadi waokoaji waliosafiri kwa ndege kutoka Austria walipomshusha. Aliishi.

Sasa msomaji, sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Helikopta ikizimika injini haianguki kama jiwe. Rubani hodari hushusha chombo haraka na kuiacha hewa inayopanda iendelee kuyazungusha mapanga, kisha karibu na ardhi huutumia mzunguko huo kujituliza. Lakini anahitaji kitu kimoja: mahali peupe. Huko Turkana mahali peupe ni pengi kuliko watu. Juu ya Kibera, ukiondoa uwanja wa Kamukunji, viwanja vya shule na njia ya reli, ni bati juu ya bati. Kawangware ni vivyo hivyo, na siku hizi ghorofa zimechipuka humo kama uyoga.

Kwa hiyo ile hofu ya porini imehama. Zamani rubani aliyeondoka Nairobi alianza kuwa na wasiwasi baada ya kuipita Isiolo. Leo dakika za mwanzo, akiwa bado anaona paa za watu, ndizo zinazomkausha mate. Jumapili ya Juni 10, 2012, helikopta ya polisi iliondoka Wilson kuelekea Ndhiwa. Dakika chache baadaye ilianguka msitu wa Kibiku, Ngong. Waziri George Saitoti, msaidizi wake Orwa Ojode, walinzi wawili, na marubani Nancy Gituanja na Luke Oyugi waliangamia. Pale palikuwa na miti. Mnamo Agosti 7, 2025 ndege ya matibabu iliyotoka Wilson ilianguka Mwihoko, kaunti ya Kiambu, kwenye makazi ya watu. Walikufa wanne waliokuwa ndani na wawili waliokuwa chini, ambao hawakuwa wamekata tikiti ya kwenda popote.

Wako wanaosema Wilson ihamishwe. Wengine hujibu kwamba uwanja ulitangulia na nyumba zikafuata, hoja ambayo ni ya kweli lakini haimsaidii mama mwenye watoto Soweto au Lindi, kwani hakuna aliyemwonyesha mahali pengine pa kodi anayoimudu. Tena Wilson ina faida kwa majirani. Shirika la AMREF, lililozaliwa 1957 kwa ajili ya kuwapeleka madaktari wa ndege mashambani, lina makao yake pale Lang'ata, na lilipogundua kwamba wagonjwa wasiofikiwa wako hata chini ya njia ya ndege zake, lilifungua kituo cha afya Laini Saba.

Wenye ndege ndogo wameanza kujipunguza wenyewe. Klabu ya marubani, Aero Club of East Africa, iliyoanza 1927, imejitengenezea uwanja mwingine uitwao Orly, huko Kajiado. Huko rubani hupita kwanza chini chini kutazama kama kuna pundamilia au mbuzi njiani, kisha huzunguka tena ndipo atue.