Msumari wa moto

Wadau, mnatuuliza sana tulianzaje kuchora kwa moto. Hapa Juba umeme kwetu ni wa kubahatisha, kwa hiyo kalamu ya umeme tuliiacha kwanza. Tulinunua misumari mikubwa Konyokonyo. Msumari unapoa upesi mno, basi mmoja uko kwenye koleo, miwili iko kwenye jiko la makaa. Mabaki ya mbao tunaomba kwa maseremala. Mtiki ni wa kahawia, mstari hauonekani vizuri. Tafuteni mbao nyeupe, laini, mpige msasa. Yenye rangi au dawa msiichome kabisa, moshi wake sumu.

Wadogo zetu waliozaliwa huku wanataka tuwachoree nyumba ya nyanya, Uvira. Tumebishana wiki nzima mlango ulikuwa upande gani.