Kilo moja ya michungwa

Jumamosi moja asubuhi, katika duka la mboga jijini Sevilla, kusini mwa Hispania, mama mmoja kutoka Moshi aliomba kwa Kihispania kilo moja ya michungwa. Alitaka machungwa. Muuzaji alicheka bila ubaya, akamuuliza kama amekuja na lori. Wateja waliokuwa nyuma nao wakacheka. Asiyecheka alikuwa binti yake wa miaka minane, aliyezaliwa hukohuko na anayekimwaga Kihispania kama maji. Alimvuta mama yake mkono, na njia nzima hakusema neno.

Jumatatu mtoto alikuwa na jaribio la sayansi kuhusu sehemu za mmea. Jioni mama akavuta kiti akae naye mezani, kama walivyozoea tangu chekechea. "Usijali mama, nitasoma mwenyewe," mtoto akasema. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Mtoto akikujibu vibaya unamkanya, yakaisha. Akikuonea huruma utafanya nini?

Usiku, mtoto alipolala, mama aliliinua daftari. Maneno yalikuwa sita tu: raíz ni mzizi, tallo ni shina, flor ni ua, fruto ni tunda, semilla ni mbegu. La sita lilimfanya acheke peke yake jikoni. Jani kwa Kihispania ni hoja. Limeandikwa vilevile kama hoja ya bungeni, ila h haitamkwi na j hutoka kooni, karibu na kh: okha. Akaanza kuyakumbuka mengine ya aina hiyo aliyokutana nayo sokoni. Pera kule si pera la kwao, ni tunda jingine kabisa, jamii ya tufaa. Lima ni ndimu. Na viazi, watu wa Sevilla huviita papa, kwa hiyo mwezi wake wa kwanza aliona bango la papa wa kukaanga akadhani ni samaki.

Programu za simu za kujifunza lugha alikuwa nazo. Zinaonyesha picha, unagusa neno, unapewa nyota. Hazikumwambia alichokigundua usiku ule alipoandika kosa lake la dukani na sahihisho lake, moja juu ya jingine. Naranja ni chungwa, naranjo ni mchungwa. Manzana ni tufaa, manzano ni mti wake. Almendra ni lozi, almendro ni mlozi. Kiswahili kinaweka m mwanzoni, wao wanabadilisha a ya mwisho kuwa o. Kumbe hakuwa mjinga dukani. Alikosea herufi moja.

Jumapili walitoka kwenda kituo cha basi. Mitaa ya Sevilla imepandwa michungwa kwa maelfu, yenye machungwa machungu ambayo hakuna anayeyala hivihivi, ingawa hutengenezwa jemu. Mama akasimama chini ya mmoja.

"Huu unaitwaje kwa Kiswahili?"

"Chungwa."

"Hilo ni tunda. Mti je?"

Mtoto akafikiri. "M-chungwa?"

"Na kwa Kihispania, mti unaujuaje?"

Hakuwahi kulifikiria. Anayezaliwa ndani ya lugha huwa haoni mishono yake. Akayasema taratibu, naranja, naranjo, kisha manzana, manzano, akamtazama mama yake kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu jana.

Baada ya hapo ikawa vita. Mtoto alitafuta maneno yanayovunja kanuni: limón mti wake ni limonero, pera ni peral, tini ni higo na mti wake higuera. Akapiga msumari wa mwisho: aceituna ni zeituni, lakini mti wake ni olivo. "Hayafanani hata kidogo!"

Mama hakujibu upesi. Alikuwa analisikiliza neno aceituna, jinsi watu wa Sevilla wanavyolitamka, aseituna, na ndani yake akasikia zeituni, maana yote mawili yametoka Kiarabu. Halafu akasema, "Na sisi tunayo. Tunda ni ndizi. Mti wake unaitwaje?"

"Mndizi."

"Mgomba."

Mtoto akakataa katakata. Haiwezekani, kanuni ni m. Mama akampigia simu bibi kule Moshi, maana kesi ya migomba haiamuliwi Sevilla. Kwa kawaida mtoto husema shikamoo, hunong'ona mawili matatu, kisha hurudisha simu. Safari hii aliishika mwenyewe.

"Shikamoo bibi. Eti ndizi mti wake ni nini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Mgomba. Subiri nikuonyeshe."

Bibi akatoka nje na simu, akapita nyuma ya nyumba, akaonyesha shina, jani, mkungu, na ua jekundu linaloning'inia chini yake. Mtoto alirudia kila neno, na kila mara bibi akauliza, "Na huko kwenu mnasemaje?" Basi mbili zikapita.

Kwenye jaribio alikosa alama moja: alisahau mkwaju juu ya i ya raíz. Jumamosi iliyofuata, yeye na mama yake walirudi kwenye duka lilelile. Mama akaomba kilo moja ya naranjas. Muuzaji akachungulia barabarani, akauliza lori liko wapi leo.