Nyumba Iliyopangwa na Nyumba Iliyo Safi

Siku hizi Kiingereza chatafutwa sana hapa Kolwezi. Malori ya shaba na kobalti yapita mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia. Wageni wengi wa makampuni ya migodi hutumia lugha hiyo kazini. Na tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, mwaka 2022, vijana wengi waona kwamba Kifaransa peke yake hakitoshi. Kwa hiyo, jioni mbili kila juma, mimi na vijana pamoja na akina mama kadhaa hukaa kujifunza. Kiingereza changu kidogo nilikipata seminarini, nami nakigawa kama nilivyokipata.

Vitabu vingi huanza na maneno ya hoteli na ya kiwanja cha ndege. Mimi naona heri kuanza na maneno ya nyumbani, hasa yale ya kupanga vitu na kuondoa visivyofaa. Maana neno hukaa vizuri kichwani mwa mtu anayeshika kitu chake mkononi.

Neno la kwanza ni “tidy”, hutamkwa taidi. Wanafunzi hulifasiri mara moja kuwa “safi”, lakini sivyo hasa. Asili yake ni neno “tide”, ambalo hapo kale lilikuwa na maana ya wakati. Kitu taidi kilikuwa kitu kilichokuja kwa wakati wake. Baadaye kikawa kitu kilichokaa mahali pake. Neno la usafi ni “clean”, yaani klini. Shati lisilofuliwa laweza kukunjwa vizuri sana likawekwa kabatini: hilo ni taidi, lakini si klini. Nguo zilizofuliwa zikatupwa ovyo kitandani ni klini, lakini si taidi. Sisi pia tunayo maneno mawili, kupanga na kusafisha, ila tukiingia katika nyumba ya mtu, tukaona viti vimepangwa na kitambaa kimetandikwa mezani, twasema tu, “Mama, nyumba yako ni safi!”

Neno la pili ni “clutter”, klata. Ni vitu vingi vilivyorundikana bila mahali pake: si takataka hasa, wala si akiba. Neno hilo ni ndugu wa “clot”, yaani donge la damu iliyoganda. Nalo “declutter”, kuondoa klata, ni neno changa la karne ya 20. Lilienea katika nchi ambazo watu hununua vitu vingi kuliko nyumba zao zinavyoweza kupokea. Takataka zenyewe Mwingereza huziita “rubbish”, na Mmarekani “trash” au “garbage”. Tena liko neno “room”, ambalo maana yake ni chumba, na pia ni nafasi. Basi mtu akiondoa klata apata “room” bila kujenga chumba.

Hapo mama mmoja aliniuliza: “Mwalimu, hao Wazungu watupa vitu vizima? Na sisi tufanye hivyo?” Lilikuwa swali la haki. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière, na miaka mingi watu waliishi kwa mshahara wa mgodi. Baadaye Gécamines ilipoanguka, katika miaka ya 1990, mshahara ukakosekana mwezi kwa mwezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliondoka kazini pamoja. Mtu aliyepita katika miaka hiyo hatupi buti kuukuu wala pipa lililotoboka, maana ajua kwamba kesho laweza kuwa na kazi. Tusimcheke mzee mwenye misumari iliyopinda ndani ya mkebe. Huyo anaogopa kukosa, na sababu ya woga wake tunaijua.

Kwa hiyo neno linalotufaa zaidi si “declutter” bali ni “sort”, yaani kuchambua. Watu wa Kolwezi hawahitaji kufundishwa kazi hiyo. Akina mama wangapi wameketi kandokando ya maji, wakaosha mawe na kuyatenga, jiwe la madini huku na jiwe bure huko? Wajua kwa jicho na kwa uzito. Basi mikono hiyo hiyo yaweza kuchambua vitu vya nyumbani: kitu cha kutumika leo, kitu cha kutengenezwa, kitu cha kumpa jirani, kitu cha kutupwa. Na liko fungu la tano, ambalo vitabu vya Kiingereza havilitaji: kitu chenye thamani, lakini kisichopasa kulala pamoja na watoto.

Nitaeleza. Mwaka 2014, katika mtaa wetu wa Kasulo, kulionekana mawe yenye kobalti nyingi chini ya viwanja vya watu. Habari ikaenea, wenyeji wakachimba uani, wengine hata chini ya sakafu ya vyumba vyao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, na jamaa waliokaa hapo wakahamishwa. Lakini desturi ya kuweka magunia ya mawe nyumbani haikwisha. Niliingia katika nyumba moja kumtazama mgonjwa. Sakafu ilikuwa imefagiwa, sufuria zimepangwa kwa ukubwa, na chini ya kitanda magunia matano yamesimama katika mstari ulionyoka, yamefunikwa kwa kitenge kizuri. Juu ya kitanda kile alilala mtoto asiyetimiza mwaka. Nyumba ile ilikuwa taidi kabisa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima damu na mkojo wa watu wa Kasulo, wakatangaza matokeo mwaka 2018. Waliona kobalti nyingi zaidi kuliko kwa watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa hasa kwa watoto. Tena baadhi ya mawe ya huku kwetu, kama ya Musonoi, yana urani ndani yake. Vumbi la mawe hayo laingia na gunia, na nguo, na viatu. Mtoto hutambaa sakafuni, kisha hutia vidole kinywani.

Najua kwa nini gunia lalala chini ya kitanda. Likibaki nje laibiwa, na ndani yake mna karo ya shule. Sisemi baba alitupe. Nasema, ikiwa njia ipo, ajenge kibanda kidogo uani chenye kufuli, hata jamaa wawili watatu washirikiane. Kama haipo, gunia lifungwe vizuri ndani ya gunia la pili, likae mbali na vitanda na chakula, wala lisifunguliwe ndani. Mchimbaji avue nguo za kazi na viatu kabla ya kuingia, anawe, kisha ndipo ambebe mtoto. Nguo hizo zifuliwe katika beseni lake, wala si pamoja na za watoto. Ndoo ya maji na sufuria ya bukari zifunikwe. Na sakafu isifagiwe kavu, maana ufagio mkavu huinua vumbi, nalo hurudi kukaa juu ya mkeka. Ipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Hayo hayatamaliza shida yote. Vumbi la barabara na la migodi mikubwa haliwezi kuzuiwa na mama mwenye kitambaa. Hilo ni deni la wenye migodi na la serikali, nasi tusiache kuwadai. Lakini mlango wa nyumba ni wetu. Basi leo jioni, msomaji mpenzi, utazame chumba wanacholala watoto wako, ujiulize kwa lugha yoyote uipendayo: kimepangwa? Kisha uliza la pili: ni safi?