Chakula cha Nyumbani Kina Kosa Gani Uwanjani?

Sisi watu wa pwani hatukufunzwa kutoka nyumbani mikono mitupu. Aendaye arusini hubeba, aendaye matangani hubeba, na siku ya kuvunja jungu, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, familia nzima huhamia ufuoni na masufuria yake. Hata Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, mfalme wa hapa alimpelekea kondoo na viungo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwetu mgeni huja na wenyeji hupika.

Basi msomaji hutashangaa nikikwambia kwamba yako maneno machache yanayotukaa kooni kama mwiba wa samaki. Maneno yenyewe siku hizi huandikwa kwa herufi kubwa kwenye malango ya viwanja vya michezo: "Chakula na vinywaji kutoka nje haviruhusiwi."

Nilipokuwa mtoto, mpira wa huku Malindi na Kilifi ulikuwa wa uwanja wazi. Hapakuwa na ukuta wala tiketi. Mstari wa uwanja ulichorwa kwa chokaa au kwa jivu, na nyuma ya mstari huo ndipo ulipokuwa mji wenyewe. Kulikuwa na akina mama na makarai yao ya mafuta, viazi vikigeuka rangi ya manjano, bhajia za kunde zikipakuliwa moto moto, na vijana wa madafu wakipiga panga. Watoto tulitafuna mabuyu mpaka ndimi zikawa nyekundu. Aliyekuwa na kitu alikula, na asiyekuwa nacho alimegewa. Sikumbuki hata siku moja mchezo kusimama kwa sababu ya kiazi.

Leo viwanja vyetu vinajengwa upya. Kilifi mjini tuna uwanja uliopewa jina la marehemu Karisa Maitha, waziri na mwanasiasa wa pwani aliyefariki mwaka 2004. Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa idhini ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mambo haya ni ya kujivunia. Lakini pamoja na ukuta huja lango, na pamoja na lango huja masharti. Ndiyo sababu nataka tuzungumze mapema, kabla masharti hayajawa mazoea.

Mwaka juzi mwana wa dada yangu, ambaye ni golikipa, alifika fainali ya kombe la vijana katika uwanja mmoja wa pwani ambao sitautaja. Mama yangu, mwenye umri uliovuka miaka sabini, alipanda matatu kutoka Gede kuja kumtazama mjukuu wake. Mama ana maradhi ya sukari na daktari amemwagiza ale kidogo kidogo na kwa wakati. Kwa hiyo alikuja na kikapu chake cha ukindu, ndani mna chapati za unga usiokobolewa, mbaazi, vipande vya samaki wa kukaanga na maji ya kunywa.

Langoni tulimkuta kijana aliyevaa sare.

"Shikamoo mama. Samahani, kikapu hakiingii."

"Marahaba mwanangu. Na mwenye kikapu?"

"Mwenye kikapu aingia. Chakula kitupwe pale kwenye pipa, au kibaki nje."

Tukamweleza habari ya maradhi. Kijana akaenda kumwuliza mkubwa wake, akarudi akitikisa kichwa. Ndani, alisema, kuna vibanda vya chakula. Nilichungulia. Nikaona soda, biskuti, keki na krisps za pakiti. Kwa mgonjwa wa sukari aliyetafuta mlo wa mchana, huo ulikuwa mtihani badala ya chakula.

Mama hakugombana. Alisema tu kwamba chakula hakitupwi, ni riziki, na kwamba yeye amechoka kusimama. Akaniamuru niingie na watoto, naye akatandika leso yake chini ya mwarobaini ng'ambo ya barabara. Ndani, chupa ya nusu lita ya maji ambayo nje ilikuwa shilingi 50 iliuzwa kwa shilingi 120, nami nilikuwa na watoto wanne na jua la saa tisa. Hesabu hiyo nakuachia wewe mzazi mwenzangu.

Mechi ilimalizika sare, ikaenda kwa penalti, na mjukuu akaokoa mbili. Mama alisikia ukelele wa watu. Alimwuliza mtoto aliyekuwa amepanda mti, "Ni nani huyo?" Akajibiwa, "Ni kipa wa jezi ya kijani." Hivyo ndivyo alivyoitazama fainali. Chakula aliwagawia watoto waliokosa tiketi, na yule kijana wa lango, ambaye alikuwa hajala tangu asubuhi, alipata kipande cha samaki. Mama alimwambia, "Kula mwanangu, tumbo halivai sare."

Sikusudii kumlaumu kijana yule. Yeye alikuwa akilinda mkate wake. Tena si haki kusema kwamba sheria hizi zilitungwa kwa ubaya tu, kwani zina asili yake.

Nchini Uingereza, fujo za mashabiki zilipozidi, ilipitishwa sheria mwaka 1985 ya kudhibiti pombe viwanjani, na pamoja na pombe zikapigwa marufuku chupa, mikebe na vyombo vingine vinavyoweza kumjeruhi mtu vikirushwa. Huku Afrika tunakumbuka Accra, Ghana, tarehe 9 Mei 2001. Mashabiki walirusha chupa na viti, polisi wakajibu kwa mabomu ya kutoa machozi, na zaidi ya watu 120 wakafa katika mkanyagano. Hapa kwetu Kenya, watu 7 walipoteza maisha Oktoba 2010 katika mkanyagano kwenye Uwanja wa Nyayo, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mahali penye maelfu ya watu si pa kufanyia mzaha. Anayesema chupa ya kioo ibaki nje, namwunga mkono kwa mikono miwili. Na anayesema mnazi ubaki mgemani, pia namwunga mkono.

Lakini hebu tujiulize. Chapati imewahi kumpasua nani kichwa? Hapo ndipo tunapoona kwamba usalama umepewa mzigo usiokuwa wake. Sababu ya pili, ambayo haiandikwi langoni, ni biashara. Mwenye kibanda cha ndani amelipia nafasi, na kampuni ya vinywaji imetoa pesa za udhamini ili soda yake iuzwe peke yake. Biashara si dhambi, na viwanja huhitaji pesa ili nyasi zimwagiliwe na vyoo visafishwe. Ila ni vizuri jambo liitwe kwa jina lake, ndipo tuweze kulijadili.

Wengine wamekwisha lijadili. Katika mji wa Salvador, Brazili, wako akina mama wanaouza acarajé. Usitishwe na jina, ndugu msomaji. Acarajé ni bhajia za kunde, dada wa bhajia zetu, zilizovushwa bahari na Waafrika waliopelekwa utumwani. Uwanja wa Fonte Nova ulipojengwa upya kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014, masharti ya mashindano yaliwaweka akina mama hao nje. Hawakunyamaza. Walipiga kelele, wakakusanya sahihi, wakaungwa mkono na wananchi, na mwaka 2013 baadhi yao wakaruhusiwa kuuza uwanjani.

Nchini India kesi ilihusu majumba ya sinema, lakini mantiki ni ile ile. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba mwenye sinema ana haki ya kukataza chakula kutoka nje, kwa kuwa mahali ni pake. Hata hivyo iliongeza kwamba maji safi ya kunywa yatolewe bure, na mzazi mwenye mtoto mchanga asizuiwe kubeba chakula cha mtoto kwa kiasi. Hiyo ni njia ya katikati.

Na kwa wale wanaoogopa hasara, kuna mfano wa Atlanta, Marekani. Uwanja wa Mercedes-Benz ulipofunguliwa mwaka 2017, wenyewe walipunguza bei za vyakula kwa karibu nusu ya zile za uwanja wao wa zamani. Watu wakadhani wamerukwa na akili. Kumbe matumizi ya kila shabiki yalipanda kwa asilimia 16, kwa kuwa mtu akiona bei ni ya haki hununua bila kununa. Mwenye kibanda wetu ajifunze kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi. Mtu aliyefungiwa ndani ya ukuta saa tatu, akanyang'anywa maji yake na kuuziwa mengine kwa zaidi ya mara mbili ya bei, ana haki ya kuuliza maslahi yake yamelindwa wapi.

Basi mimi napendekeza haya kwa wanaosimamia viwanja vya Malindi, Kilifi na kwingineko. Kwanza, mabango yataje kwa majina vinavyokatazwa kwa ajili ya usalama, yaani vioo, mikebe, visu na pombe, na chakula kikavu kilicho katika mfuko wa kuonekana ndani kiruhusiwe. Pili, mgonjwa, mama mwenye mtoto mchanga na mzee wasibishaniwe langoni. Tatu, pawe na bomba la maji safi ya bure, maana jua la pwani halina huruma. Nne, vibanda vya ndani vitengewe pia akina mama wa viazi karai, mahamri na mihogo, walio na vyeti vya afya vinavyotakiwa na sheria. Akina mama hao ndio waliolisha mpira huu ulipokuwa hauna ukuta, na sasa wanakaa nje wakiuza kwa watu ambao hawawezi kuingia na walichonunua. Tano, sharti lolote lichapishwe juu ya tiketi, ili mtu ajue angali nyumbani, na langoni pawe na mahali pa kuweka kikapu na kukichukua baadaye.

Nasi mashabiki tuna wajibu wetu. Anayebeba chakula abebe na mfuko wa kurudishia taka. Tukiacha maganda, mifupa na karatasi juu ya viti, tutakuwa tumewapa wenye viwanja sababu ya kutufungia, nao watakuwa na haki.

Mpira ni mchezo wa familia. Baba anayehesabu tiketi tano, nauli ya matatu na soda tano atabaki nyumbani kusikiliza redio, na watoto wake watakua bila kujua harufu ya nyasi za uwanja. Uwanja unaweza kupata faida ya soda na ukapoteza watazamaji wa miaka ishirini ijayo.

Kwa hiyo Jumapili hii ukienda mpirani, uliza kwa adabu langoni: sheria hii inakataza nini, na kwa sababu gani? Ukiambiwa ni usalama, toa chupa yako ya kioo bila ubishi. Ukiambiwa ni chapati, omba kuonyeshwa mahali ilipoandikwa.