Mama, na Chui wetu anaweza kushindana?

Leo si homa wala kikohozi. Leo ni paka. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Binti yangu ana miaka 9. Siku moja kashika simu yangu, kakutana na video ya mashindano ya paka huko nje. Ukumbi mkubwa, paka wamekaa kwenye vizimba, jaji anamnyanyua mmoja mmoja, anamweka mezani, anamchezea na unyoya, anamwangalia macho na masikio. Akaniuliza, "Mama, na Chui wetu anaweza kushindana?"

Chui ni paka wa hapa hapa Mazimbu. Alizaliwa nyuma ya jiko la jirani, rangi ya kahawia na mistari. Nikamwambia, "Mwanangu, huku mashindano ya mifugo ni Nane Nane, na pale wanapeleka ng'ombe, mbuzi na kuku. Nani kakuona na paka?" Akanuna. Usiku nikaona aibu kidogo, nikaanza kusoma kuhusu hayo mambo. Kumbe ana haki ya kuuliza.

Mashindano ya kwanza makubwa ya paka yalifanyika London, Crystal Palace, tarehe 13 Julai 1871, yakaandaliwa na bwana Harrison Weir. Na paka wa pwani yetu ya Afrika Mashariki naye keshafika kwenye kumbi hizo. Kule Kenya, karibu na Malindi, kuna msitu wa Arabuko Sokoke. Mwaka 1978 mama mmoja, Jeni Slater, aliokota watoto wa paka wa aina ya huko, wenye madoa kama gome la mti, akawalea. Rafiki yake Gloria Moeldrup akapeleka baadhi Denmark, na mwaka 1984 wakaonyeshwa Copenhagen. Mwaka 1993 shirikisho la paka la FIFe likawatambua kuwa aina kamili, kwa jina la Sokoke. Paka wa kichakani, jamani!

Kilichonifurahisha zaidi ni hiki: hata paka asiye na ukoo ana nafasi yake. Chama cha Marekani kiitwacho CFA kina kundi la paka wa nyumbani. Humo jaji haangalii ukoo. Anaangalia afya, usafi, utulivu na uzuri wa paka mwenyewe. Nikamwambia binti yangu, "Haya, tutamwandaa Chui kama anayekwenda kushindana. Tufanye mashindano yetu hapa mtaani." Aliruka ruka mpaka nikaogopa ataanguka barazani.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipokosea.

Jumapili tukaanza na kilichoonekana rahisi: kumwogesha. Beseni uani, maji ya uvuguvugu, sabuni. Binti kashika kichwa, mdogo wake wa miaka 4 kashika mkia. Chui alivyogusa maji, alipanda juu kama moto wa petroli. Akamparua mdogo mkono, mistari mitatu, damu ikatoka.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Mama Neema, huyu paka amechanjwa?"

Nikanyamaza. Mimi, nesi. Mimi ninayewaambia kila siku kuhusu chanjo. Kadi za watoto wangu ziko kwenye faili, zimepangwa kwa tarehe. Paka anayelala nao kitanda kimoja hana hata sindano moja.

Jina la ugonjwa linatudanganya. Tunasema kichaa cha mbwa, tunadhani ni mambo ya mbwa tu. Paka anapata, na anaambukiza. Virusi viko kwenye mate, na paka analamba makucha yake kutwa nzima, kwa hiyo hata mparuo si wa kudharau. Na dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwona mtoto mmoja wodini na dalili hizo. Sitaeleza. Niseme tu kwamba nilipoona damu kwenye mkono wa mwanangu, nilimwona yule mtoto.

Nilimbeba mpaka bombani. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa. Analia, mimi nasugua. Msifupishe hizo dakika, na msipake mafuta ya taa, pilipili wala majivu. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, akaanza chanjo, nasi tukafuata ratiba mpaka sindano ya mwisho.

Jioni mama mkwe akasema paka atiwe kwenye gunia akaachwe mbali. Nikamwambia, "Mama, tukimtupa hatutajua kama alikuwa mzima au mgonjwa." Paka aliyemparua au kumng'ata mtu anatakiwa kufungiwa mahali salama na kuangaliwa siku 10. Akiugua au kufa ndani ya siku hizo, daktari wa mifugo ajulishwe mara moja. Akimaliza siku 10 akiwa mzima, basi siku ile hakuwa anaambukiza. Ila mtoto usisubiri hizo siku 10, yeye anaanza matibabu palepale.

Tukamfungia Chui stoo. Binti yangu alichora mistari 10 ukutani kwa chaki, kila asubuhi anafuta mmoja. Kila asubuhi mimi nilikuwa wa kwanza kusikiliza mlangoni kama Chui bado analia njaa. Sijawahi kufurahia kelele za paka kiasi kile.

Siku ya 11, Chui akiwa mzima na mnene, tukamtia kwenye tenga la kuku, tukalifunika kwa kanga, tukapanda bajaji mpaka hospitali ya wanyama ya SUA. Akachanjwa, akapata kadi. Ndipo tukaanza upya, safari hii kwa mpangilio. Na wewe ukitaka kuanza, fuata huu:

1. Chanjo kwanza. Paka anaweza kuchanjwa kichaa cha mbwa akifikisha miezi 3, kisha unarudia kama kadi inavyosema.

2. Kuhasi. Kule CFA, paka wa nyumbani akivuka miezi 8 haingii ukumbini kama hajahasiwa. Na huku kwetu inapunguza kuzurura na kupigana, ambako ndiko magonjwa yanakopatikana.

3. Ngozi. Angalia viroboto, na angalia mabaka yaliyonyonyoka manyoya. Hayo yanaweza kuwa fangasi, ambao mtoto anaupata kama choa au mapunye.

4. Kushikwa. Dakika 2 kila siku. Mweke mezani, mguse masikio, makucha, tumbo. Akikataa, acha. Mpe dagaa mmoja, jaribu kesho.

5. Makucha. Kata ncha nyeupe tu, usifike kwenye nyama ya pinki. Kwenye mashindano paka huingia makucha yakiwa yamekatwa, na sasa mnajua sababu.

6. Kitana badala ya beseni. Paka anajiogesha mwenyewe. Usirudie kosa langu.

7. Tenga liache wazi sebuleni siku kadhaa, atalizoea mwenyewe.

Na wewe mjamzito, huna haja ya kumfukuza paka. Mwache mwingine amwage beseni la mchanga, kila siku. Ikibidi ufanye wewe, vaa glavu na unawe mikono.

Mashindano yetu tuliyafanya Jumamosi barazani. Binti yangu aliweka sharti moja: bila kadi ya chanjo huingii. Nilidhani watoto wa jirani watasusa. Kumbe waliwasumbua mama zao wiki nzima! Paka watatu wakapelekwa kuchanjwa kwa bajaji moja, nauli tukachanga.

Jaji alikuwa mama mkwe. Kakaa kwenye kiti chake, kanga mezani, ndoo ya maji na sabuni pembeni, ananawa mikono kila akibadilisha paka, kama majaji wale wa kwenye video wanavyosafisha mikono. Chui akaruka chini, akajificha chini ya kabati. Ushindi ukaenda kwa paka wa jirani, mwenye sikio lililokatika. Binti yangu akalalamika, "Bibi, lakini Chui ni mzuri zaidi!" Bibi akamjibu, "Mzuri ndiyo. Lakini huyu kakubali kushikwa."

Mdogo wake bado ana alama tatu nyembamba mkononi. Nikimwogesha naziona, na kila nikiziona naikumbuka ile Jumapili na swali la mama mkwe.

Basi wamama, kabla hamjalala: paka wenu ana kadi? Na nani hapa kashawahi kumwogesha paka akabaki salama? Wiki ijayo tutaongea kuhusu minyoo, ya watoto na ya paka pia.