Diski Zilizokuwa Zikisamehe

Katika magofu ya Gede, mwendo mfupi kusini mwa Malindi, nyumba zina majina yasiyofanana na majina ya nyumba. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Hakuna mwenyeji wa Gede aliyewahi kuziita hivyo. James Kirkman alipoanza kuufukua mji huo mwaka 1948 alikuta misingi, visima na vyoo mahali pake, lakini hakukuta mtu wa kumwambia hapa palikuwa kwa nani, kwa kuwa mji ulikuwa umehamwa tangu karne ya 17. Basi nyumba nyingi zikapewa jina la kitu kilichookotwa ndani yake. Fundi wa kompyuta aliyewahi kurudisha faili kutoka kwenye diski iliyofomatiwa anaijua hali hii kwa mikono yake mwenyewe: vitu vipo, kuta zipo, yaliyopotea ni majina.

Naanza na Gede kwa sababu neno kufomati limetupotosha hapa pwani kwa muda mrefu. Tulilichukua kwa maana ya kufuta, na kwa miaka mingi halikuwa na maana hiyo. Diski kuu ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka, ina daftari linalosema faili gani iko wapi, kisha ina vyumba ambamo faili zenyewe zimelala. Ukiifomati kwa haraka, unachoma daftari na kuandika jingine tupu, vyumba haviguswi. Kufuta faili moja kulikuwa kwepesi zaidi. Kwenye kompyuta za MS-DOS jina lenyewe lilipoteza herufi yake ya kwanza tu daftarini, na toleo la 5 lilipotoka mwaka 1991 lilikuja na amri ya kurudisha. Barua iliyoitwa HARUSI ilijitokeza ikiwa na pengo mbele, ?ARUSI, na mashine ikakuuliza uijazie herufi iliyokosekana. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini kwenye diski hizi yalizoleka, alimradi hukumwaga mengine juu yake. Hoja yangu ni kwamba pwani yetu ilijifunza kompyuta katika enzi hiyo ya msamaha, ikajijengea mazoea juu yake, na sasa msamaha umeondoka ilhali mazoea yamebaki.

Mazoea hayo yalikuwa na sababu. Kompyuta nyingi zilizofika Malindi, Kilifi na Mtwapa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa mitumba. Zikawekwa kwenye vyumba vyenye joto, hewa ya chumvi na stima inayokatika bila taarifa. Intaneti ya haraka haikuwako hadi nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa mwaka 2009, kwa hiyo kazi za watu zilisafiri kwa diski za flashi, kutoka saiba hadi ofisini, kutoka ofisini hadi nyumbani, na virusi vikasafiri nazo. Mashine ikizidiwa, dawa ilikuwa moja: piga fomati, weka Windows upya. Dawa hii ilifanya kazi kweli, na fundi aliyeitoa hakuwa mvivu. Mteja alitaka mashine yake kabla ya alasiri, na kumsaka mdudu mmoja mmoja kungekula siku nzima kwa malipo yale yale.

Lakini chukueni kirusi kilichokuwa maarufu kuliko vyote katika saiba zetu, kile cha njia za mkato. Ukichomeka flashi, ulikuta kila folda imegeuka alama ndogo yenye kishale, na mara nyingine ukiibofya haikufunguka. Watu waliona kazi ya miaka imekwenda. Haikuwa imekwenda popote. Kirusi kilikuwa kimezipa folda sifa ya kufichwa tu, kikaacha kishale mlangoni, na amri moja fupi iitwayo attrib, ikiandikwa kwenye kidirisha cheusi, ilizitoa zote mafichoni kwa sekunde chache. Waliopiga fomati flashi ile waliondoa wenyewe daftarini kitu ambacho kirusi kilikuwa kimekificha tu. Ndiyo maana nasema tatizo letu halikuwa upungufu wa vifaa. Tulikuwa hatutofautishi kilichofichwa, kilichoondolewa daftarini na kilichoharibika, na kila mara tuliitumia dawa ya kile kikubwa.

Hata hivyo diski zilituvumilia, na inafaa kuona zilivyofanya hivyo. Mtu akiweka Windows XP alifikishwa kwenye skrini ya buluu yenye maandishi meupe, akaulizwa kama diski ifomatiwe kwa haraka au kwa kawaida. Wengi walichagua haraka. Na hata aliyechagua ile ndefu, iliyokaa saa nzima ikihesabu asilimia, hakufuta chochote vyumbani. Mashine ilikuwa inakagua tu kama kuna mahali pabovu. Madhara yalianza baadaye, Windows yenyewe ilipoingia na kuandika zaidi ya gigabaiti moja juu ya kilichokuwapo. Hapo ndipo mafundi wazuri wa miji yetu walipookoa watu wengi bila kutangaza: waligawa diski sehemu mbili, C na D, wakawaambia wateja waweke kazi zao D. Aliyesikia, fomati ilipita kwa jirani. Asiyesikia, aliyeacha kila kitu kwenye uso wa skrini, alikuwa amekilaza C, mlangoni kabisa mwa mafuriko.

Kwa huyo wa pili kulikuwa na programu kama PhotoRec, ambayo Christophe Grenier ameitoa bure na inatumika hadi leo. Hailitazami daftari kabisa. Inapita diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo: picha ya JPEG huanza kwa baiti FF D8 FF, na hati ya PDF huanza kwa alama ya asilimia na herufi PDF. Ikiona alama, inakata kuanzia hapo na kuhifadhi. Mwishoni unapata folda inayoitwa recup_dir.1, kisha ya 2, kisha ya 3, zimejaa vitu vyenye majina kama f0293847.jpg, maelfu kwa maelfu, picha za harusi zikiwa zimechanganyika na vijipicha vya tovuti. Faili iliyokuwa imekatwa vipande na kulazwa vyumba tofauti hurudi nusu. Ni Nyumba ya Mkasi tena. Na kama Gede ilivyo na kaburi moja lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, ambalo tarehe yake ilinusurika kwa kuwa imechongwa kwenye kaburi lenyewe, ndivyo picha za kamera zilivyo: tarehe ya kupigwa imeandikwa ndani ya mwili wa picha, na daftari likiungua inabaki. Fundi mwenye subira huanzia hapo, akapanga picha kwa tarehe hadi siku ya harusi ikaonekana.

Msamaha huu haukuondolewa siku moja, na pengine ndiyo sababu hatukuuona ukiondoka. Hatua ya kwanza ilikuwa Windows Vista, iliyoingia madukani mwanzoni mwa mwaka 2007. Tangu hapo fomati ndefu haikagui tu, inajaza sifuri kila chumba, na kwenye diski ya kawaida sifuri moja inatosha. Hakuna programu inayoona chini yake. Hatua ya pili ilikuwa diski zisizozunguka, za SSD. Windows 7, ya mwaka 2009, ilianza kuziambia diski hizi, kwa amri iitwayo TRIM, vyumba gani havihitajiki tena. Ukiifomati SSD, hata kwa haraka, daftari linapochomwa diski nayo inapewa habari, kisha inaanza kusafisha vyumba kimya kimya, bila kuambiwa tena. Ukiichomoa na kuipeleka kwa fundi mwingine, ikipata umeme inaweza kuendelea kujisafisha mezani pake. Hatua ya tatu ni kufunga data kwa ufunguo. Simu za Android zilizotoka na toleo la 10, la mwaka 2019, zilitakiwa zote zifanye hivyo, na kompyuta mpya za Windows nazo zinazidi kuja zimefungwa. Ukiirudisha simu hiyo ilivyotoka kiwandani, ufunguo unaharibiwa. Vyumba vikibaki vimejaa, kilichomo ni vumbi lisilosomeka. Kinachowachanganya watu ni kwamba kadi za kamera na flashi nyingi bado zinasamehe, kwa kuwa kwa kawaida amri ya TRIM haizifikii. Fundi aliyerudisha picha za kadi Jumatatu ataahidi kurudisha za laptopu Jumanne, na Jumatano atakuwa hana la kumwambia mwenye laptopu.

Wapo watakaosema afadhali iwe hivyo, na hoja yao ni nzito hapa kwetu kuliko kwingi. Siku ya kupamba bibi harusi, wanaume hawaingii, simu huzuiwa mlangoni, na mpiga picha huwa mwanamke. Picha zile zikihifadhiwa kwenye diski ya zamani, mashine ikafomatiwa na kuuzwa, anayeinunua akiwa na programu ya bure anaweza kuona asichoruhusiwa kuona. Hii si hofu ya bure. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Garfinkel na Shelat, walieleza walivyonunua diski 158 za mitumba. 129 zilifanya kazi, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, lakini sheria haiingii kwenye kabati la duka la mitumba kutazama kilicholala kwenye sahani. Naikubali hoja hii yote. Stara ni haki, na diski inayosahau kweli inailinda. Ila tazameni inathibitisha nini: kwamba diski ya zamani haikuwa rafiki wa mwenye mali. Ilimrudishia yeyote aliyekuwa na programu, awe mwenye harusi au mgeni. Na diski mpya haimtambui mwenyewe zaidi ya ile: inamfutia aliyekusudia kufuta, na inamfutia aliyekuja tu kuondolewa virusi. Uamuzi wa kubakiza na uamuzi wa kufuta yote mawili yamehamia kabla ya fomati, mikononi mwa mtu.

Pingamizi la pili ni la vijana: faili ziko mawinguni, nani anahangaika na diski? Ni kweli kwa aliye nazo huko. Lakini Google ilianza kuhesabu picha mpya ndani ya zile gigabaiti 15 za bure tarehe 1 Juni 2021, na video ya harusi moja inaweza kuzimaliza. Bando linaponunuliwa kwa siku, jambo la kwanza mtu analolizima ni kupandisha picha. Tena hifadhi inayojilinganisha na kompyuta yako hulinganisha hadi makosa: ukifuta huku, kule nako kunafutika, na muda wa kujuta una mwisho. Sisemi mawingu hayafai. Nasema ni chumba cha pili, na chumba cha pili kinafaa pale tu kinapokuwa na nakala yake chenyewe. Wenye pesa na wataalamu wameliona hili kwa uchungu. NASA ilieleza mwaka 2009 kwamba kanda za awali za kutua mwezini za mwaka 1969 inaelekea zilifutwa na kutumiwa upya. Picha walizozisafisha na kuzionyesha mwaka huo zilitoka kwenye nakala za matangazo ya televisheni zilizokuwa zimebaki kwingine, mojawapo ikiwa imerekodiwa Australia.

Kwa hiyo linalotakiwa kubadilika liko kwenye meza ya fundi, na ni jambo la dakika mbili. Kabla ya kuulizwa mashine ina shida gani, mteja aulizwe kuna nini ndani yake ambacho hakipo kwingine, na fundi atazame kama diski ni ya kuzunguka au SSD, kisha aseme wazi: hii nikiifomati, kilichomo hakirudi. Ataambiwa kazi ni nyingi na foleni ni ndefu. Lakini kunakili folda moja kwenye diski ya nje ni kazi ya mashine. Fundi anaweza kumhudumia mwingine ikiendelea. Kama ajali imekwisha kutokea, neno la kwanza ni zima. Usiweke programu ya kuokolea kwenye diski ile ile, usiifungue kuchungulia kama picha zipo. Kila dakika ya kuchungulia inaweza kuandika kitu juu ya kitu.

Na kuna kazi nyingine ambayo haiwezi kungoja. Katika makabati ya nyumba na maduka, Shela ya Malindi, Watamu, Kilifi mjini, bado ziko diski za zamani zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa: zile pana zenye soketi ya pini 40, na zile zilizozifuata. Nyingi zilifomatiwa zikawekwa kando, na kwa kuwa hazikuandikiwa kitu tena, ndani yake zimelala picha za watu ambao wamefariki na hesabu za biashara zilizofungwa. Hizo ndizo zilizobaki na msamaha. Lakini chumvi inakula pini, na mafuta ya mhimili yanakauka kwenye joto. Adapta ya USB ya kuisoma diski hiyo ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Ichomekwe, inakiliwe yote kama ilivyo, chumba kwa chumba, kwenye diski mpya, kabla ya kujaribu jambo lolote jingine. Majina yatatafutwa baadaye.