Tulimsindikiza mganga wa ng'ombe mpaka Kampala



Siku ya mkutano wengi mliuliza kwa nini viti vyetu viwili vilikuwa bure. Tulikuwa safarini. Sisi dada wawili tulimsindikiza mdogo wetu mpaka Kampala, kutoa alama za vidole na kupimwa na mganga, kwa ajili ya makaratasi yake ya Kanada. Mnamjua. Ndiye yule mganga wa wanyama aliyekuja kwenye kikundi wakati nguruwe zilipoanza kufa, akatuambia bila kuficha kwamba homa ile haina dawa, tufunge mabanda, tuache kuwapa mabaki ya chakula cha watu, na tusiuze nyama ya mnyama mgonjwa. Wengine walimkasirikia siku hiyo. Waliomsikiliza wana nguruwe mpaka leo.

Alisoma hapa hapa Butembo, kwenye Chuo Kikuu cha Graben, miaka sita ya kufungua matumbo ya wanyama. Alipomaliza alitembea vijijini na sanduku lake, akilipwa kuku, akilipwa maharagwe, mara nyingi akilipwa "Mungu akubariki". Sisi tuliosoma ISP tunajua vizuri maisha ya diploma isiyojaza sufuria, kwa hiyo alipotuambia anataka kwenda hatukumzuia. Mama mzazi ndiye aliyekaa kimya siku tatu.

Tulitoka asubuhi na giza. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita kama hamsini na kitu, na kutoka Beni mpaka Kasindi ni karibu themanini. Kwa hesabu ya mwalimu ni safari fupi. Lakini nyote mnajua kipande kile cha njia, na tangu 2014 ni familia ngapi za Beni zimezika watu wao. Ndani ya gari hakuna aliyeongea. Mama mmoja nyuma yetu alisali rozari yake, na alipofika mwisho akaanza tena. Tulipoona nyumba za Kasindi kila mtu alianza kuongea pamoja, mpaka dereva akacheka.

Kasindi mnaifahamu, wengi wenu mnapita pale na biashara zenu. Kambisti wamekaa na mabunda ya shilingi, wamama wanabeba vikwembe na mafuta, malori yamepanga mstari. Ukivuka mto Lubiriha uko Mpondwe, Uganda. Jambo moja tu tunataka mlikumbuke: saa. Huku kwetu na kule kuna tofauti ya saa moja nzima. Sisi tulibadilisha saa za simu zetu, mdogo wetu hakubadilisha, na tutaeleza ilivyotaka kutugharimu.

Basi letu lilipita njia ya Mbarara, ambayo ni ndefu kuliko ile ya Fort Portal, lakini hatukujuta. Karibu na Kikorongo unavuka mstari wa ikweta kwenda kusini, kisha unapita mbuga ya Queen Elizabeth, ambako tuliona nyati wamelala na tembo mmoja mbali, halafu daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga. Jioni, kabla ya Kampala, pale Kayabwe, unavuka mstari ule ule tena kurudi kaskazini. Tumefundisha ikweta miaka mingi kwa kuchora na chaki kwenye ubao. Siku hiyo tuliivuka mara mbili, na mara zote mbili abiria wengine walikuwa wamelala usingizi.

Lakini mahali ambapo mdogo wetu alifungua dirisha ni Mbarara. Pande zote ni ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu nene, rangi ya udongo mwekundu. Alianza kutueleza kama vile tuko darasani na yeye ndiye mwalimu: kwamba adui mkubwa wa ng'ombe wa nchi zetu ni kupe, kwamba ndigana huanza kwa kuvimba tezi chini ya sikio, kwamba mfugaji anayeogesha ng'ombe wake dawa kila wiki hupoteza ndama wachache. Dada yetu mkubwa akamuuliza, "Na Kanada kuna kupe?" Akajibu kwamba wapo, lakini ndigana hii haipo, kwa hiyo mambo mengi anayoyajua kwa mikono yake hayatamsaidia kule. Akafunga dirisha.

Hapo ndipo tulipoanza kumuuliza mambo ambayo tungepaswa kumuuliza zamani. Sisi tulidhani ukipata karatasi ya ukaaji wa kudumu basi unafika, unavaa koti jeupe, unatibu. Sivyo. Karatasi ile ni ya kuishi na kufanya kazi. Ruhusa ya kutibu wanyama ni jambo lingine na inatolewa na watu wengine. Vyuo vyetu vya Kongo havimo katika orodha ya vyuo ambavyo wao wanavikubali moja kwa moja. Mganga aliyesoma kwetu lazima apite mitihani: mmoja wa elimu ya msingi na ya tiba, mmoja wa upasuaji, ule mkubwa unaofanywa na waganga wa wanyama wa Kanada na wa Marekani pia, na mwingine wa siku kadhaa ambapo unatibu wanyama wenyewe mbele ya wasimamizi. Yote hayo kwa pamoja ni maelfu ya dola na mara nyingi ni miaka. Mmoja aliyesoma naye yuko kule, anaosha vizimba vya mbwa mchana na kusoma usiku.

Kuna na jambo lingine lililotushangaza. Kanada ina vyuo vitano vya waganga wa wanyama, na kinachofundisha kwa Kifaransa ni kimoja tu, kile cha Saint-Hyacinthe, karibu na Montréal. Katika Amerika ya Kaskazini yote hakuna kingine. Lakini Saint-Hyacinthe iko Québec, na Québec inachagua wahamiaji wake yenyewe. Mdogo wetu aliingia kwa mlango wa serikali kuu, ambao tangu 2023 huita kwa makundi maalumu watu wanaojua Kifaransa vizuri, kwa sharti kwamba wakae nje ya Québec. Anafikiria Moncton, katika jimbo la New Brunswick, ambako Kifaransa na Kiingereza vyote viwili ni lugha za serikali. Kwa hiyo Kifaransa chake ndicho kilichomfungulia mlango, na chuo cha Kifaransa kiko upande mwingine wa ukuta. Alicheka aliposema hivyo. Sisi hatukucheka sana.

Kampala tulilala kwenye nyumba ya wageni karibu na soko, vitanda vitatu na neti moja. Hapo, baada ya kula matoke, dada mkubwa aliomba kuona fomu zote. Mdogo wetu alisema zilijazwa na komisioneri mmoja, ambaye alilipwa dola nyingi ili "asimamie faili". Sisi ni walimu. Kusahihisha karatasi ndiyo kazi yetu ya kila jioni. Tulichukua biki nyekundu bila hata kufikiri.

Kwenye ukurasa wa watoto palikuwa pameandikwa: hakuna.

Wamama, sasa tunasema jambo la nyumba yetu, na mama mzazi ameturuhusu. Mdogo wetu ana mtoto. Alimzaa akiwa mwaka wa pili wa chuo, na baba ya mtoto alikufa kabla mtoto hajatambaa. Ili dada asome bila maneno ya watu, mama yetu alimchukua mtoto akamwandikisha kwa jina lake kama kitinda mimba wake. Leo ana miaka tisa. Anamwita tate yake "mama", na mama yake "yaya". Komisioneri alipoelezwa hayo alisema ni bahati nzuri: usimtaje, faili itakwenda haraka, utamwita baadaye.

Tulisoma maelezo ya fomu kwa Kifaransa, neno kwa neno, mpaka usiku. Mtoto aliye chini ya miaka 22 na asiye na ndoa lazima atajwe, na lazima apimwe na mganga, hata kama hasafiri. Usipomtaja sasa, baadaye ukitaka kumleta kama mtoto wako sheria inaweza kukufungia mlango huo. Na ukigunduliwa umeficha jambo kubwa, unaweza kukataliwa na kufungiwa miaka mitano.

Mdogo wetu alisema, "Nikimtaja watachelewesha. Nimeshatumia pesa zote za kikundi." Ni kweli, likelemba ya miezi minne ilikuwa ndani ya faili ile, na jasho la baadhi yenu. Dada mkubwa alisema, "Na usipomtaja, utamlea kwa simu." Walibishana. Sisi tuliosimulia hapa tulikuwa upande wa kutaja, lakini tukiri pia kwamba kwa muda tulifikiria pesa. Saa sita ya usiku alipiga simu nyumbani. Mama aliitikia mara moja, kama mtu aliyekuwa ameshika simu mkononi. Alimsikiliza, kisha akasema, "Mtoto ni wako. Nilikuwa ninakushikia tu."

Asubuhi tuliamka kwa simu ya mdogo wetu, ambayo bado ilisoma saa ya Butembo. Tulikimbia na motari watatu katikati ya magari ya Kampala, hakuna aliyejua Kiswahili vizuri, tukafika kituoni wakati mlinzi anasoma majina ya mwisho. Vidole kumi, picha moja, dola 85 za Kanada zilizokuwa zimekwisha lipwa, dakika chache, basi. Kesho yake alipimwa na mganga ambaye Kanada inamkubali: damu, mkojo, picha ya kifua. Jioni hiyo aliandika barua ya kusahihisha faili, sisi tukaisoma mara tatu tukaondoa makosa mawili ya sarufi.

Njia ya kurudi haikuwa na tembo. Kasindi tulirudisha saa nyuma.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwenye mahakama ya watoto. Sheria yetu inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto bila malipo. Zikipita, au maandiko yakiwa na uongo kama yetu, ni mpaka hakimu aamue, na ni pesa na mashahidi. Tunawaomba wenye watoto wachanga mwende ofisi ya etasivili mapema, hata kama mambo ya baba hayajanyooka. Mama yetu alivaa kikwembe chake cha siku ya Paska. Hakimu alimuuliza mara mbili kama anaelewa anachokisema, naye mara mbili akasema mtoto huyu hakumzaa.

Hukumu tunayo sasa, yenye muhuri. Tumeituma. Wamesema wanaweza kuomba kipimo cha damu cha mama na mtoto, na kwamba mtoto naye atapimwa Kampala, kwa hiyo likelemba ya Juni tunaiomba tena, wamama, na tutairudisha kwa mahindi na kwa mshahara wa shule ukija. Jibu halijafika. Mdogo wetu ameanza tena kutembea na sanduku lake. Jumanne alikuwa Lubero kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, akarudi na kuku wawili. Mtoto bado anamwita yaya.